Maneno ya Meneja wa Sita

Kijani alikuwa na kawaida ya kubisha hodi hata mlango ukiwa wazi. Alhamisi hiyo alasiri hakubisha. Aliingia moja kwa moja mpaka sebuleni, akavua viatu akiwa katikati ya zulia badala ya mlangoni, akamkabidhi shemeji yake, mhadhiri wa chuo kikuu, karatasi zilizobanwa pembeni, kisha akaketi.

"Soma," alisema.

"Nisome nini? Hii ni makala yangu mwenyewe," alisema mhadhiri.

"Ndiyo, yako. Soma kichwa chake tu. Kwa sauti, dada naye asikie."

Dada mtu alikuwa kwenye meza ya chakula akisahihisha madaftari ya hesabu ya kidato cha pili. Aliviangalia kwanza viatu vya mdogo wake pale zuliani. Vilikuwa na vumbi mpaka kwenye kamba, na Kijani hakuwa mtu wa kutembea kwa miguu. Alikuwa na gari la shirika.

Mhadhiri alirekebisha miwani, akasoma kwa ile sauti yake ya ukumbini. "'Haujafa, Umefumba Macho Tu': Maamuzi ya Mameneja katika Miradi ya Teknolojia Iliyoshindwa."

Kalamu nyekundu ya mkewe ilisimama katikati ya alama ya kosa.

"Hayo si maneno ya mama?"

Wote watatu walijua kuwa ni ya mama. Mama huyo, ambaye kwa wakati ule alikuwa chumba cha pili akisikiliza taarifa ya habari, alikuwa ameyasema maneno hayo juu ya kila kitu kilichopata kukaribia mwisho wake: tochi, pasi ya umeme, gauni lililochanika kwapani, hata redio iliyoungua mbele ya macho yake. Haijafa, imefumba macho tu. Watoto wake wawili walikua nayo kauli hiyo kama wengine wanavyokua na kovu la utotoni. Dada alikuwa akiwaambia hivyo wanafunzi waliokata tamaa ya hesabu. Kijani aliipeleka kazini, na huko ndiko ilikomletea balaa.

Kijani si jina lake. Wenzake katika shirika la maji ndio waliombandika. Kila mwezi wakuu wa miradi walipaka ripoti zao rangi: kijani kwa mradi unaokwenda vizuri, njano kwa mradi wa kuangaliwa, nyekundu kwa mradi ulio taabani. Yeye alikuwa na mradi wa mfumo mpya wa kompyuta wa kutoa ankara za maji, na ripoti zake zilikuwa za kijani mwaka mzima. Kikaoni mtu akimbana kuwa mfumo unapeleka ankara kwenye viwanja vitupu, alikuwa akitabasamu na kusema, haujafa huu, umefumba macho tu. Watu wakacheka, kikao kikaendelea.

"Mkurugenzi mpya alikwenda semina ya uongozi," alisema Kijani. "Wakapewa makala ya kusoma jioni. Anasema alicheka alipoona kichwa. Halafu akakumbuka vikao vyangu, akaacha kucheka."

"Lakini jina lako halimo," alisema mhadhiri. "Wewe ni Meneja wa Sita. Tena nimekufanya mwanamke. Tena nimekupeleka benki."

"Ahsante. Nimekuwa mwanamke wa benki anayesema maneno ya mama yangu."

"Wamekwambia nini?" aliuliza dada.

"Kamati ya nidhamu, Jumatatu asubuhi. Eti niliidanganya bodi. Gari wamechukua leo, na kadi ya mlangoni. Nilitaka kwenda kuchukua koti langu, mlinzi akaniambia niandike jina kwenye kitabu cha wageni. Yule yule ninayemwachia gazeti kila siku."

"Na uliidanganya?"

"Dada, hilo si swali la leo."

Kutoka chumba cha pili sauti ya mama ikapenya. "Nani huyo?"

"Ni mimi, mama."

"Mbona mapema? Maji yamekatika mpaka ofisini kwenu?"

"Nimepita tu kukuamkia."

"Saa hizi ni za kuamkia?" aliuliza mama, lakini taarifa ya habari ilikuwa imefika kwenye hali ya hewa, na hali ya hewa alikuwa haikosi. Kijani alishusha sauti. Aliwaomba mama asiambiwe mpaka jambo lijulikane mwisho wake, na wote wakakubali.

Kisha akamgeukia shemeji yake. "Mimi nitakana. Nitasema si mimi, maneno hayo yamejaa mitaani. Lakini na wewe wamekualika, ukatoe ufafanuzi. Sasa nataka nijue utasema nini."

Mhadhiri alizikunja karatasi, akazikunjua. Alisema ni jambo la kutafakari.

*

Inafaa ieleweke mtu huyu alikuwa anafanya kazi gani. Karibu utu uzima wake wote alikuwa akiuliza swali moja: kwa nini mkubwa wa kazi, aliyesoma, mwenye wasaidizi na vikokotoo, anaendelea kuulisha mradi wa kompyuta anaojua wazi kuwa umekwisha? Swali hilo lilimpa shahada mbili, safari kadhaa za mikutano, na kitambi cha wastani. Alikuwa akiwafuata mameneja maofisini mwao, anaweka kinasa sauti mezani, anawaapia kuwa majina yao hayataonekana popote, na wao wanafunguka. Watu wenye vyeo hawana wa kumlilia. Wengine walimlilia yeye machozi kabisa.

Kijani hakuhojiwa ofisini. Alihojiwa Jumapili moja katika chumba cha kusomea cha nyumba hii, miguu juu ya kiti, kwa sababu meneja mmoja alikuwa ameahirisha na mhadhiri alikuwa anakimbizana na tarehe. Shemeji akamfaa.

Baadaye akafanya kama taaluma yake inavyotaka. Alibadilisha jinsia, akabadilisha shirika, akabadilisha hata mwaka. Kitu kimoja hakukigusa, nacho ni kauli. Katika kazi ile jina la mtu ni ruhusa kulifuta, ila maneno yake hayaguswi hata nukta, ukiyagusa umeghushi. Na kauli ikiwa tamu hupandishwa juu, ikawa kichwa cha makala, zikafuata nukta mbili, ndipo yanakuja maneno magumu. Wote hufanya hivyo. Ukipita katika majarida yao utakuta vilio vya watu vimepangwa juu ya nukta mbili, ukurasa baada ya ukurasa. Na hii ilikuwa kauli tamu kuliko zote alizopata kunasa. Kwamba ilikuwa ikisemwa mezani pake kila siku, na mama mkwe wake, juu ya sufuria na soksi, halikumpitikia. Aliisikia upya siku ile kwa sababu kinasa sauti kilikuwa kimewashwa.

Makala hiyo ndiyo iliyomfungulia njia. Kamati ya kupandisha vyeo ilikuwa ikae Jumatatu hiyo hiyo, na kwa mara ya tatu faili lake la uprofesa lingewekwa mezani. Mara mbili za kwanza lilirudishwa.

*

Ijumaa alikwenda kumwona mkuu wa kitivo. Mkuu wa kitivo alikuwa mdogo kwake kwa umri lakini alimwita kijana wangu, na mhadhiri, mwenye kipara, alikuwa amelizoea jina hilo.

"Kijana wangu, nimesikia," alisema mkuu, akimmiminia chai. "Sitaki kujua Meneja wa Sita ni nani. Usiniambie."

"Sikuambii."

"Vizuri. Wakikuuliza Jumatatu, sema kanuni za utafiti haziniruhusu kusema lolote. Basi. Ni jibu safi, halina doa."

"Wakisikia hivyo watajua ni yeye. Kama si yeye ningesema si yeye."

"Hilo la kujua ni lao." Mkuu wa kitivo alimsogezea sukari. "Usije ukasema maneno yale hayakutoka kwa meneja. Ukisema hivyo umeyatunga, na ukiwa umeyatunga faili halina uti wa mgongo. Mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kukuita humu ndani, na siku hiyo hutapata chai."

Alisema kwa upole, kama anavyosema mtu anayekutakia mema, na kwa kweli alikuwa akimtakia mema.

"Na nikiiondoa makala?"

"Uiondoe wapi? Mkurugenzi anayo mkononi." Mkuu alicheka kidogo. "Ukiiondoa leo utakuwa umempa mwenzio hukumu, halafu na wewe umemwaga unga. Wote wawili chini. Kunywa chai, inapoa."

Mhadhiri aliinywa. Alitoka pale akiwa amefarijika, na njiani akajiuliza kwa nini amefarijika, kwa sababu hakuna lililobadilika.

*

Jumamosi asubuhi mkewe alifunga madaftari, akaingia chumba cha kusomea.

"Nataka kumsikia."

"Kumsikia nani?"

"Meneja wako wa sita."

"Haruhusiwi mtu mwingine kusikia zile sauti. Nimesaini."

"Mimi ndiye niliyewaletea chai siku hiyo. Sauti yangu imo."

Ilikuwa imo kweli. Mhadhiri alipowasha kompyuta na kutafuta, kitu cha kwanza kilichotoka ni sauti yake yeye mke akiuliza nani hatumii sukari, na mlango ukifungwa. Kisha kicheko cha Kijani, kile kicheko chake cha puani. Kisha hiki:

"Mimi nilijua umekufa. Toka mwezi wa tatu nilijua. Lakini kila kikao nawaambia haujafa, umefumba macho tu."

Mhadhiri alinyoosha mkono kuzima.

"Acha," alisema mkewe.

Kiti kililia, kikombe kikagusa sahani. Sauti ya Kijani ikaendelea, sasa bila kicheko. "Ningefanyaje, shemeji? Nina vijana tisa pale. Mikataba yao imeandikwa juu ya mradi ule ule. Nikisema umekufa saa nne, saa sita wako getini na maboksi. Kwa hiyo nawatafutia pa kuwaweka kwanza, mmoja mmoja. Huyu idara hii, huyu idara ile. Sita nimeshawahamisha. Bado watatu. Nikimaliza na hao, nitasema mwenyewe."

Mke alisubiri mpaka sauti ya mumewe ikaanza kuuliza swali lingine, ndipo akazima yeye mwenyewe.

"Hii sehemu ya pili iko ukurasa wa ngapi?"

"Haimo."

"Kwa nini haimo?"

"Makala ina kikomo cha maneno."

Alimwangalia tu. Mtu anayefundisha hesabu huzoea kumsubiri mwanafunzi amalize kutoa jibu lisilo sahihi.

"Na pia," alisema mhadhiri, "haikukaa vizuri kwenye kielelezo." Alimwonyesha ukurasa wenye mchoro. Palikuwa na visanduku vitatu vyenye mishale: hofu, fahari, na gharama iliyokwisha kutumika. Kila alichosema kila meneja kilikuwa kimepewa kisanduku chake.

"Na wale vijana tisa uliwaingiza wapi?"

Alisita. "Kwenye hofu."

"Hofu."

"Aliogopa kuwaambia. Ukiangalia kitaalamu..."

"Mimi naangalia hivi hivi."

Kutoka jikoni mama aliuliza kama kuna mtu anataka uji wa pili, na wote wawili wakajibu kwa pamoja kuwa hapana, ahsante, kwa sauti za furaha. Kisha mke akavuta kiti, akaketi mbele ya mumewe magoti yakikaribiana.

"Jumatatu waambie maneno ni ya nyumbani. Sema uliyasikia hapa, kwangu, kwa mama, ukayapenda, ukayatia mdomoni mwa meneja wako. Nusu yake ni kweli. Uliyasikia hapa kweli."

"Huko ni kughushi."

"Ndiyo."

"Nitapoteza kila kitu. Si uprofesa tu. Hakuna jarida litakalonigusa."

"Hutakosa darasa la kufundisha. Tutakula. Yeye akitoka pale kwa kashfa, nani atamchukua? Ana jina la kuidanganya bodi."

"Lakini aliidanganya kweli."

"Bodi haikujua. Ulijua wewe. Alikwambia kwa sababu wewe ni mume wangu na ulimwapia." Alisema bila kupandisha sauti, na ndivyo alivyokuwa akifanya akikasirika sana. "Wale mameneja wengine wote ulikwenda kwao. Huyu alikuja kwetu, mwenzangu. Alivua viatu."

Mhadhiri aliangalia mchoro wake. Aliona aibu, na pia aliona kwamba anaonewa. Mambo haya mawili yalimkaa kifuani pamoja na hakuna lililompisha mwenzake.

"Nitaona," alisema.

Katika makala zake neno hilo lilikuwa na fungu lake maalumu. Alikuwa ameandika kuwa meneja anaposema nitaona, amekwisha kuona, ila anangoja tukio lingine limwondolee lawama. Sehemu hiyo ilikuwa ikinukuliwa sana na wanafunzi.

Jumapili yote alikaa chumbani akichora. Alichora njia ya kusema hivi na njia ya kusema vile, na chini ya kila njia akaandika matokeo, na kando ya matokeo akaweka alama. Jioni karatasi ilikuwa nzuri kiasi kwamba alifikiria kuitumia darasani.

*

Kwenye mapokezi ya shirika la maji walipewa beji za plastiki zilizoandikwa MGENI. Kijani naye alipewa. Msichana wa mapokezi aliinamisha kichwa alipokuwa akimpa, akamwomba radhi, akasema ndiyo utaratibu, bosi. Kijani alijibandika beji juu ya mfuko wa shati, akainyoosha vizuri.

Waliketi kwenye benchi la ukutani, chini ya picha ya bwawa. Saa tatu na nusu mlango ulifunguliwa, Kijani akaitwa. Kabla ya kuingia alimtazama shemeji yake, na shemeji akatikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ahadi au salamu tu.

Mke alikuwa ameomba ruhusa ya vipindi viwili. Alisubiri mlango ufungwe.

"Umeamua?"

"Nataka kwanza nisikie watakavyouliza. Swali likija kwa namna fulani, naweza..."

"Haya," alisema mkewe, akafungua mkoba wake na kutoa madaftari.

Kando yao alikuja kuketi msichana mwembamba aliyevaa sweta ingawa palikuwa na joto. Baada ya muda mfupi naye aliitwa ndani. Mhadhiri alikuwa akipitia maneno moyoni: kanuni za utafiti haziniruhusu. Halafu yale mengine: maneno hayo ni ya nyumbani kwangu. Yote mawili aliweza kuyasema bila kukosea. Alijisikia kama mtu aliyejiandaa vizuri.

Mlango ukafunguka. Msichana alitoka kwanza akilia bila sauti, akapita mbio kuelekea chooni. Nyuma yake akatoka Kijani, mikono mifukoni.

"Twendeni," alisema.

"Bado sijaitwa," alisema mhadhiri.

"Hutaitwa. Nimewaambia ni mimi."

Dada yake alisimama, madaftari yakamponyoka. Kijani aliinama kuyaokota huku akisema, kana kwamba anayaambia madaftari.

"Nilikana vizuri tu, mwanzoni. Wakaniambia hewala, tumwite shahidi. Wakamleta yule mtoto wa watu. Ni mwandishi wa programu, wa mwisho kati ya wale watatu, mkataba wake unaisha mwezi ujao. Wakamuuliza, ulipata kumsikia bosi wako akisema maneno haya vikaoni? Kila mtu mle ndani anajua amesikia, alikuwa anaandika muhtasari. Akaniangalia, akasema hapana, sijapata kumsikia. Wakamwambia asaini chini ya hapana yake." Alisimama, akampa dada yake madaftari. "Nikaona huyu naye ananifanyia kijani. Nikasema basi. Nikasema ulikufa mwezi wa tatu."

"Wakasemaje?"

"Nimemwaga unga, dada. Lakini yeye wamemwachia. Nimewaambia yeye alikuwa anafuata amri yangu."

Na hapo mhadhiri, ambaye asubuhi yote alikuwa akijipangia majibu, aliuliza. Hakukusudia ubaya. Lilitoka lenyewe, kwa sauti ile ya upole ambayo mameneja wengi waliipenda.

"Ni nini hasa kilichokufanya uamue pale pale?"

Kijani alimtazama. Kisha akaangalia mfuko wa koti la mhadhiri, mahali alipozoea kuweka kinasa sauti.

"Unanihoji, shemeji?"

Mhadhiri alisema hapana. Alijishika mfuko kuonyesha kuwa ni mtupu, na ulikuwa mtupu kweli. Wakarudisha beji zao mapokezi, zote tatu, na msichana wa pale akazihesabu.

*

Nyumbani mama alikuwa ameandaa chakula cha mtu mmoja. Alipowaona wakiingia wote watatu alirudi jikoni bila kuuliza, akaongeza maji kwenye sufuria. Meza ilipokuwa tayari aliketi mahali pake, akawatazama mmoja mmoja.

"Jumatatu mchana," alisema. "Mwalimu hayuko darasani, wa chuo hayuko chuoni, wa maji hayuko majini. Nani amekufa?"

"Hakuna, mama," alisema binti yake.

"Kazi yako vipi?" alimuuliza mwanawe.

"Kazi ipo, mama. Haijafa, ime..." Kijani aliishia hapo. Aliweka kijiko chini.

"Wamekufukuza."

"Ndiyo."

Mama hakulia, wala hakuuliza kwa nini. "Kuta za nyumba hii ni karatasi," alisema mwishowe. "Toka Alhamisi nawasikia mkinong'ona. Na Jumamosi nikasikia sauti yako inatoka kwenye kompyuta, unasema maneno yangu. Mkwe wangu ameyaandika, si ndiyo?"

"Ndiyo, Mama," alisema mhadhiri.

"Umeandika kwamba mtu anayasema kwa kuogopa."

Mhadhiri alianza kueleza kuwa suala ni pana zaidi, kwamba kuna visanduku vitatu, kisha akaacha. "Ndiyo, Mama. Karibu hivyo."

Mama alisogeza bakuli katikati, akaanza kuwapakulia huku akizungumza, mwanawe kwanza.

"Mara ya kwanza nayasema, nilikuwa nazungumza juu ya baba yenu. Wewe ulikuwa huu urefu wa meza. Dada yako anakumbuka. Tulikesha tunamuuguza, hamkuwa mmetia kitu tumboni toka jana yake. Alfajiri akakata roho. Nilimshika, nikajua. Nyinyi mkaamka mkaniuliza, baba amekufa? Nikawaambia hajafa, amefumba macho tu, njooni mnywe uji."

"Nakumbuka uji," alisema binti yake polepole. "Ulitia sukari nyingi."

"Nilijua nikisema, nyumba itajaa watu, na watu wakijaa hakuna atakayekumbuka tumbo la mtoto mpaka jioni. Nikakaa nikawaangalia mpaka mkamaliza. Ndipo nikatoka nje nikapiga yowe." Alimpakulia binti yake. "Nilitaka mle kwanza. Hilo nalo uliliandika, mkwe?"

"Hapana, Mama. Sikulijua."

"Hukuuliza."

Alisema hivyo bila ukali, akaendelea kupakua. Kijani alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Dada yake alimwekea mkono mgongoni, akauacha hapo. Mhadhiri alitamani kusema kitu. Alitafuta katika yale yote aliyoyachora Jumapili, na hakukuta hata mstari mmoja unaofaa kuletwa mezani.

Simu yake ilitetemeka kando ya sahani. Ilikuwa kutoka kwa mkuu wa kitivo, maneno machache tu: faili limepita, hongera, Profesa. Aliyasoma mara moja. Furaha ilimjia kabla hajaweza kuizuia, kubwa, ya miaka mingi, na nyuma yake ikafuata ile aibu. Aliigeuza simu kifudifudi.

"Nani?" aliuliza mkewe.

"Matangazo tu."

Mkewe alijua kamati ilikuwa inakaa siku gani. Aliiangalia ile simu, akamwangalia yeye, kisha akachukua upawa mkononi mwa mama yake na kumpakulia mumewe, akiijaza sahani vizuri mpaka ukingoni.

"Kula kwanza," alisema. "Utatuambia baadaye."